Mapacha wa Kromosomu ya 20: Mmoja Mkunga, Mwingine Bwana Maji

Mhariri wetu amenibana tangu muhula uanze. "Wewe unasoma mambo ya jeni, tuandikie basi kitu ambacho hata sisi wa uhasibu tutakielewa." Nimemkwepa mara tatu, mara ya nne akanikamata kwenye foleni ya pilau siku ya mkutano wa jumuiya, na mtu hawezi kukimbia akiwa na sahani mkononi. Nimekubali, ila naomba nianze na habari ya nyumbani, kwa sababu bila hiyo hata mimi nisingejua kwa nini ninayoyasoma huku yana maana.

Mwaka 2019 dada yangu alijifungua mtoto wa pili katika kituo kimoja cha afya mkoani kwetu, Kigoma. Mtoto alitoka salama, kondo la nyuma nalo likatoka. Halafu damu ikaanza kutoka na haikukata. Mkunga akamchoma sindano, wakasubiri. Bado. Akamchoma ya pili, bado. Ikabidi atafutwe mtu mwenye gari, apelekwe hospitali kubwa, mwendo wa saa moja na nusu kwa barabara zile mnazozijua wenyewe. Kule wakamwekea dripu yenye dawa ile ile, jina lile lile, na damu ikakata. Dada ni mzima, na huyo mtoto sasa anasumbua nyumba nzima. Lakini mama aliponisimulia kwa simu aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Mwanangu, si dawa ni hiyo hiyo moja? Mbona ile ya kwanza ilikuwa kama maji?"

Dawa yenyewe inaitwa oksitosini. Jibu fupi la swali la mama ni kwamba umeme ulikuwa umekatika siku kadhaa na friji ya kituo haikuwa ikipoza. Oksitosini inatakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Ikikaa kwenye joto inaharibika taratibu, na ukiitazama kwa macho huoni tofauti yoyote. Jibu refu ndilo lililonifanya niandike makala hii, na linaanzia mbali sana, zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, kwenye samaki.

Oksitosini si kitu kilichobuniwa kiwandani. Ni homoni, yaani ujumbe wa kikemikali ambao sehemu moja ya mwili inautuma kwa sehemu nyingine kupitia damu. Inatengenezwa kwenye ubongo, na kazi yake inayojulikana zaidi ni kuuambia mfuko wa uzazi ujikaze wakati wa kujifungua, na kuyaambia maziwa yatoke mtoto anaponyonya. Ukiichunguza utashangaa udogo wake. Protini za kawaida zina asidi amino mamia kwa mamia, zimeungana kama shanga kwenye uzi. Oksitosini ina shanga 9 tu! Ya kwanza na ya sita zimefungwa pamoja zikafanya kipete, na tatu za mwisho zinaning'inia kama mkia. Ni ujumbe mfupi kuliko SMS ya "nitumie vocha".

Sasa kuna homoni nyingine inaitwa vasopresini. Kazi yake ni tofauti kabisa: inaziambia figo zisimwage maji. Wale tuliofunga Ramadhani ya kiangazi huku Uingereza, saa kumi na nane bila tone la maji, tumeiona kazi yake chooni: mkojo unakuwa kidogo na rangi inakoza. Na wale ambao hawafungi, wanaopenda kukaa baa Ijumaa, wamewahi kuona kinyume chake, maana pombe inazuia vasopresini isitoke, ndiyo maana bia moja inakupeleka msalani kama vile umekunywa tatu. Huyu ndiye bwana maji wa mwili. Kazi ya uzazi hana habari nayo.

Lakini hesabu shanga zake: 9. Kipete kiko pale pale, kati ya ya kwanza na ya sita. Mkia ni wa shanga tatu vile vile. Kati ya shanga tisa, saba ni zile zile kabisa. Zinazotofautiana ni mbili tu, ya tatu na ya nane.

Ukienda kwenye kromosomu ya 20 ya binadamu ndipo unapopigwa na butwaa. Jeni ya oksitosini na jeni ya vasopresini zimekaa jirani, zimepeana migongo, zinasomwa kila moja kuelekea upande wa mwenzake. Katikati yao kuna herufi kama 12,000 za DNA, na kromosomu nzima ina herufi zaidi ya milioni 60. Ni kama ukute katika jiji zima nyumba mbili zenye ramani moja, madirisha yale yale, ufa ule ule ukutani, na zimejengwa zikigusana. Huwezi kusema ni bahati. Mtu alidurufu ramani.

"Mtu" nimesema kwa mazoea, hakuna mtu. Kosa lenyewe hutokea hivi. Mwili unapotengeneza yai au mbegu, kromosomu za mama na za baba zinapangana sambamba na kubadilishana vipande. Kwa kawaida zinapangana vizuri, jeni kwa jeni. Mara chache zinateleza, kama mtu aliyefunga vifungo vya shati akaruka kimoja, na kipande kinapobadilishwa upande mmoja unaondoka na nakala mbili za jeni ile ile na upande mwingine hauna hata moja. Mtoto atakayerithi zile mbili anaweza asijue lolote maisha yake yote. Wajukuu wake nao wanazirithi, na kadhalika.

Nakala ya ziada ina faida gani? Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na aliyelisimamia kwa nguvu ni Susumu Ohno, mtaalamu mwenye asili ya Japani aliyefanya kazi California, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu mageuko kwa njia ya kudurufiwa kwa jeni. Mimi nalieleza kwa lugha ya kwetu. Chukua mtu mwenye daladala moja inayolisha familia. Huyo hathubutu kufungua injini afanye majaribio, maana ikilala siku moja watoto wanalala njaa. Mpe daladala ya pili. Ya kwanza inaendelea na ruti yake, na hii ya pili anaweza kuikata bodi, kuigeuza ya mizigo, kuijaribisha barabara ambayo haijawahi kupitwa. Jeni yenye kazi muhimu ni kama daladala moja: kosa lolote kubwa linamwondoa mwenye nalo kabla hajazaa, kwa hiyo jeni inabaki vile vile kizazi hata kizazi. Ikiwa na nakala, moja inalinda kazi na nyingine iko huru kukosea.

Mara nyingi uhuru huo huishia vibaya, tusidanganyane. Nakala inaoza. Jeni zetu za vipokezi vya harufu ni mfano mzuri: zinazofanya kazi ni karibu 400, na idadi kama hiyo ni mizoga iliyobaki kwenye DNA, jeni ambazo zamani zilisomeka na sasa hazisomeki. Yadi ya magari mabovu. Lakini mara moja moja nakala inapata kazi mpya, au zile mbili zinagawana kazi ambayo zamani ilifanywa na moja, na hili la kugawana naona ndilo linalotuhusu hapa.

Turudi kwa mapacha wetu. Nilisema mamalia wana oksitosini na vasopresini. Ndege, vyura na samaki hawana vasopresini; wana vasotosini. Sasa angalia shanga. Vasotosini inatofautiana na oksitosini kwenye shanga ya nane peke yake, na inatofautiana na vasopresini kwenye shanga ya tatu peke yake. Imesimama katikati kabisa, kama shangazi ambaye kila mtoto wa ukoo amechukua sura yake upande mmoja. Wataalamu wengi wanaamini kwamba homoni ya mwanzo ilifanana na hiyo. Jeni yake ikadurufiwa, na nakala mbili zikaanza kuachana njia. Hata samaki na papa wana homoni mbili za familia hii, ndiyo maana tunajua kosa lile ni la zamani, lilitokea kabla ya ukoo wetu kutengana na wao. (Nguruwe, kwa taarifa yenu, wamebadilisha tena shanga ya nane ya vasopresini yao. Mambo haya hayajasimama.)

Na kuku je? Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu kuku ndiye aliyenifungua macho. Kuku anapotaga, misuli inayolisukuma yai nje inajikaza kwa amri ya vasotosini. Na figo zake zinabana maji kwa amri ya nani? Vasotosini hiyo hiyo. Kwa kuku, mkunga na bwana maji ni mtu mmoja, anavaa kofia mbili. Homoni yake nyingine, mesotosini, ambayo kwa ukoo ndiyo ndugu wa oksitosini yetu, sio inayoshika usukani siku ya kutaga. Kwa hiyo kudurufiwa kwa jeni hakukuja na mgawanyo wa kazi tayari umeandikwa. Nakala zilipatikana, kila ukoo wa wanyama ukagawa kwa namna yake, na sisi mamalia tukaishia na mgawanyo huu wa uzazi huku na maji kule.

Msidhani pia kuwa ni wenye uti wa mgongo peke yao. Nyungunyungu, yule tunayemtafuta kwa chambo, ana homoni ya familia hii, na akidungwa anafanya vitendo vya kutaga mayai. Vile vinyoo vidogo vya maabara navyo vina ya kwao, iliyoelezwa mwaka 2012, na ikiharibiwa madume yanaboronga kwenye kujamiiana. Wengi wa hao wana moja tu. Lakini pweza ana mbili! Hakurithi kwetu wala sisi hatukurithi kwake. Jeni yake ilidurufiwa kivyake, baharini huko, na mwenyewe akagawa kazi zake. Kosa moja limetokea mara mbili katika koo zisizojuana.

Ujumbe peke yake hautoshi lakini, lazima awepo wa kuupokea. Kwenye ngozi ya seli kuna protini zinazoitwa vipokezi, kama kitasa mlangoni: homoni ni ufunguo, kipokezi ni kitasa, na ufunguo ukizunguka kengele inalia ndani ya seli. Binadamu ana vitasa vinne kwa funguo zetu mbili. Kimoja ni cha oksitosini na vitatu ni vya vasopresini: kimoja kiko hasa kwenye mishipa ya damu na kinaibana, kimoja kiko kwenye tezi chini ya ubongo, na kimoja kwenye figo. Kile cha figo kikizungushwa, seli zinapandisha mifereji midogo ya maji ukutani na maji yanarudi mwilini badala ya kwenda kwenye mkojo. Na vitasa hivi vinne, ukisoma jeni zake, navyo ni ndugu. Navyo ni nakala za nakala.

Sehemu ya nakala hizo ilikuja kwa ajali kubwa zaidi ya ile ya vifungo vya shati. Karibu miaka milioni 500 iliyopita, kwa mababu wa wanyama wenye uti wa mgongo, jenomu nzima ilidurufiwa, si jeni moja, bali maktaba yote. Na wengi wanakubali kwamba ilitokea mara mbili. Ushahidi ulipata nguvu mwaka 2008 iliposomwa jenomu ya amfioksasi, kijinyama cha baharini kinachojizika mchangani, umbo kama samaki mdogo asiye na uti wa mgongo. Kipande kimoja cha DNA yake, mara nyingi, unakikuta kwetu mara nne, kwenye kromosomu nne tofauti. Yeye ana seti moja ya zile jeni za Hox zinazopanga mwili kutoka kichwani hadi mkiani. Sisi tuna nne. Samaki wengi wa leo, sato wa Ziwa Victoria akiwemo, mababu zao walidurufu mara nyingine tena, ya tatu.

Nakala nyingi za siku zile zilioza, na ndiyo maana hatuna jeni mara nne ya amfioksasi; wote tunacheza karibu na 20,000. Ila zilizobaki hazikubaki kwa kubahatisha tu. Jeni za mawasiliano, yaani homoni, vipokezi na wale wapokeaji wa ndani ya seli, zilihifadhiwa kuliko nyingi nyingine. Nadhani si vigumu kuona sababu. Ukiwa na kengele moja nyumba nzima, ikilia wote wanatoka. Ukiwa na nne, unaweza kumwita wa jikoni bila kumwamsha aliyelala. Ukoo wa vitasa vya aina hii kwa binadamu una jeni kama 800, na karibu theluthi moja ya dawa zilizoidhinishwa Marekani zinafanya kazi kwa kugusa mmoja wao.

Sasa turudi wodini, maana huko ndiko undugu huu unakouma. Funguo mbili zilizochongwa kutoka ufunguo mmoja zinaweza kuingia kwenye vitasa vya mwenzake. Mama akiwekewa oksitosini nyingi mno kwenye dripu, kwa muda mrefu, pamoja na maji mengi yasiyo na chumvi, oksitosini inaanza kuzungusha kitasa cha figo kana kwamba ni vasopresini. Figo zinabana maji. Chumvi ya damu inazimuliwa, kichwa kinauma, mgonjwa anachanganyikiwa, ikizidi anapata degedege. Ndiyo sababu wakunga wanafundishwa kupima dozi na kuangalia maji yanayoingia na yanayotoka. Kosa la kudurufu la zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita limo kwenye daftari la zamu ya usiku.

Panya nao wametufundisha jambo. Mwaka 1996 watafiti waliwatengeneza panya wasio na jeni ya oksitosini kabisa. Kila mtu alitegemea wasiweze kuzaa. Wakazaa, salama salimini! Lakini maziwa hayakutoka hata tone, vichanga vilinyonya na kunyonya, vikafa. Mama zao walipodungwa oksitosini, maziwa yakashuka. Kwa hiyo kwenye kuzaa mwili una njia nyingine za akiba, kwenye kunyonyesha hauna. Mimi huwa nawaza hao panya mtu akiniambia mwili umepangwa vizuri kama saa ya mkono. Umepangwa kama nyumba ya kwetu iliyoongezwa chumba kila walipozaliwa watoto: mlango huu una komeo mbili, ule hauna hata kitasa.

Ukishaujua ukoo, unaweza kuchonga funguo zako mwenyewe. Vincent du Vigneaud aliunganisha oksitosini kwa mkono maabara mwaka 1953, shanga kwa shanga, na mwaka 1955 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Baadaye wakachonga desmopresini, vasopresini iliyobadilishwa kidogo ili iingie kitasa cha figo na kuacha kile cha mishipa ya damu. Wanapewa wagonjwa ambao figo zao zinamwaga maji hovyo, na hata watoto vikojozi wakubwa wakubwa. Halafu kuna kabetosini. Hii ni oksitosini ambayo kile kifungo cha kipete, sehemu yake dhaifu, kimebadilishwa kikawa imara zaidi, na ikatengenezwa kwa namna ya kuvumilia joto: inakaa nyuzi 30 kwa miaka mitatu bila friji.

Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya jaribio la Shirika la Afya Duniani lililohusisha wanawake karibu 30,000 katika nchi 10, Kenya na Uganda zikiwemo. Walipewa mara tu baada ya kujifungua, wengine kabetosini hiyo, wengine oksitosini iliyotunzwa kwenye baridi inavyotakiwa. Waliopoteza damu nusu lita au zaidi, au wakahitaji dawa ya ziada, walikuwa asilimia 14.5 upande mmoja na 14.4 upande wa pili. Sawa kwa sawa. Mwaka huo huo shirika likaiingiza kwenye mapendekezo yake ya kuzuia damu kutoka baada ya kujifungua. Ni ya kuzuia, angalieni, si ya kutibu damu ikishaanza kumwagika; hapo bado oksitosini ndiyo ya kwanza, na bado inataka friji.

Likizo iliyopita nilipokuwa nyumbani nilimweleza mama yote haya, jioni nzima, dada yuko pembeni anachambua mchele. Nikaanza na shanga, nikaenda kwa samaki, kwa pweza, kwa kuku. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo ilikuwa friji." Nikamwambia ndiyo mama, ilikuwa friji. "Sasa huyo kuku ulimwingiza wa nini?" Dada akacheka mpaka ungo ukamtoka mapajani.